Mafuta ya Kuzimia Chuma

Mlio ulipopasua karakana, wote walijitupa chini. Liévin alilala kifudifudi kwenye vumbi la makaa, akingoja paa limwangukie. Tangu majeshi mawili ya kigeni yaanze kupigania Kisangani, mabomu hayakuwa yakichagua nyumba. Lakini paa halikuanguka. Wa kwanza kuinuka alikuwa mjomba wake, Tonton Bavon, mwenye karakana.

"Haiko bomu," alisema, akionyesha kwa kidole pipa la kuzimia chuma. "Ni shafti yetu."

Liévin akachungulia ndani ya pipa. Shafti waliyoichonga kwa ajili ya pampu ya hospitali ilikuwa imepasuka toka ncha hadi ncha, kama muhogo mkavu. Na kule hospitalini majeruhi walilala hadi barazani, bila tone la maji.

Hakuelewa. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi juzi tu, na jambo hili alilijua kama sala: chuma cha aina ile hupashwa hadi kiwe chekundu, kikazamishwa kwenye mawese, kipoe kwa upole na kukakamaa. Maji hukishtua kikapasuka. Na wekundu wa mawese aliuona kwa macho yake! Akachovya fimbo. Juu, vidole viwili vya mafuta. Chini, maji matupu.

"Ni nani alitia mayi humu?"

Mama Colette, mke wa Tonton, alikuwa bado chini, katikati ya majirani waliokimbilia pale na watoto wao.

"Ni mimi. Nilichota kidogo kidogo, nikajazia mayi musione."

"Mama! Sababu gani?"

"Pondu ya jana ulisema iko tamu. Uliramba mpaka sahani. Ulifikiri mafuta ilitoka mbinguni?"

Maneno makali yalikuwa yamemjaa Liévin kooni. Yakakwama palepale ilipopitia pondu, kile kisamvu cha mawese.

Tonton hakumkemea mkewe. Alichukua spana, akaenda kwenye lori alilolificha chini ya majani, lenye dizeli ya kuwafikisha Banalia, mbali na vita. Alipojiingiza chini yake na kuanza kufungua shafti ya gurudumu la nyuma, Liévin akaganda.

"Tonton, tutakimbia na nini?"

"Na miguu. Chuma ingine ya namna hii sina. Alors, washa moto."

Mama Colette naye akashika ndoo, akatoka, mizinga ikinguruma upande wa mto. Wakati wanaume wanailainisha shafti ya lori kwa moto na kuichonga, alirudi na wake wawili wa wavuvi, wamebeba chupa za mawese. Liévin akaanza kuinamisha ya kwanza kwenye mwanga, aone kama ina maji.

"Angalia muzuri, enjenia," Mama Colette alisema. "Wezi tuko wengi."

Wakayamimina kwenye bomba jembamba lililozibwa chini, ili yatoshe kuifunika shafti. Shafti mpya, nyekundu kwa moto, ilipozama, wote waliziba masikio. Mafuta yakachemka, moshi ukapanda. Hakuna kilicholia.

Liévin akairudisha motoni, moto mdogo safari hii, ili ugumu wake usije ukaivunja. Nyuma yake, watoto wa majirani walinusa moshi wa mawese, wakaanza kutafuta sahani.