Mlango Uliofungukia Ndani

Asubuhi hiyo fundi seremala alikuwa amebakiwa na saa tatu za kuwa na mke. Si yeye aliyezipima. Zilipimwa ng'ambo ya barabara, kwenye Nyumba ya Mlango Mmoja, na mkewe mwenyewe ndiye aliyemletea habari huku akimmiminia chai.

"Leo mwisho, Fundi. Ibada inaisha saa sita. Ikiisha hujaingia mlangoni, mimi nahamia bweni la akina mama. Nimeshafunga sanduku."

"Miaka thelathini na moja, mama, leo unafunga sanduku?"

"Nimekubembeleza miaka miwili. Nje ya mlango ule hakuna anayeokoka, hata mmoja. Unataka nikae mbinguni nikikuchungulia unavyoungua?"

"Utanizoea."

"Bila mkoromo wako sitapata usingizi," mkewe akasema, na wala hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akavaa shingoni mkufu wenye ufunguo mkubwa wa shaba, akatoka. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango pale, cheo ambacho hata Mwalimu wao alikiinamia.

Sasa mlango wenyewe. Jengo lile zamani lilikuwa ghala la magunia, lina milango mitatu na madirisha manane. Mwalimu na watu wake walipolichukua, waliziba yote kwa matofali, wakabakiza uwazi mmoja tu mbele, kwa sababu njia ya wokovu ni moja na jengo sharti liseme hivyo hivyo. Kazi ya kutengeneza mlango akapewa Fundi. Akautengeneza wa mbao ngumu, mbao ambayo usipoitoboa kwanza msumari unapinda. Akafika na bawaba zake, akasema kile ambacho kila seremala anakijua hata akiamshwa usingizini: mlango wa ukumbi wa watu wengi hufungukia nje.

"Mlango wa wokovu unamvuta mtu ndani," Mwalimu akajibu kwa upole wake. "Haumsukumi kumrudisha duniani."

Fundi alifungua kinywa abishe. Mkewe akamtazama. Akafunga kinywa, akaupachika mlango ufungukie ndani. Tangu siku ile, kila akiuona kutoka karakanani kwake, kitu kilimkwaruza kifuani.

Basi saa nne na kitu alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda, pua yake ikashtuka. Moshi. Na haukuwa moshi wa kuni wala wa takataka. Ulikuwa na harufu ya waya. Akainua kichwa. Ng'ambo ya barabara, kwenye kona ambapo bati linakutana na ukuta, ulikuwa unatoka mweusi, unakunjana kama kamba. Nyimbo zilizokuwa zikivuma ndani zikakatika katikati ya ubeti. Kisha kelele.

Randa ikaanguka. Fundi alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, baiskeli mbili zikamkwepa, wenyewe wakimtukana. Akajitupa mlangoni kwa bega. Ulikuwa kama kusukuma mlima! Nyuma ya mbao zile walikuwa wamejazana watu mia nne, kila mmoja anamsukuma aliye mbele yake, na wote kwa pamoja wanaukandamiza mlango ambao hauwezi kufunguka mpaka wao warudi nyuma.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya mkewe, imebanwa kwenye ufa. "Kitasa nimeshafungua! Hauji!"

"Warudishe nyuma! Hatua mbili tu!"

"Hawasikii! Wananiba..."

Sauti ikakatika. Fundi akapiga mbao kwa viganja vyote viwili, akaita, akaita tena. Hakujibiwa. Bawaba ziko ndani, alizikaza mwenyewe. Kuikata mbao ile kwa msumeno ni kazi ya nusu siku. Akageuka huku na huku kama kuku aliyekatwa kichwa, na macho yake yakatua kwenye jengo la pembeni.

Jengo la pembeni lilikuwa Nyumba ya Ngazi, na hawa nao walikuwa na ibada. Nyumba hizi mbili zilichangia ukuta mmoja, na zaidi ya ukuta hazikuchangia hata salamu. Watu wa Ngazi waliamini kwamba kupanda mbinguni kuna madaraja saba, na ngazi ni moja, na hiyo moja ni ya kwao. Waliichora kwa rangi ya dhahabu kutoka sakafuni hadi darini, kwenye ukuta ule ule.

Fundi alirudi karakanani mbio, akanyakua nyundo kubwa anayotumia kung'olea fremu kuukuu, akaingia kwa Ngazi kwa kishindo.

"Viatu!" akafoka mzee wa mlangoni. "Vua viatu, wewe!"

"Wenzenu wanaungua! Nataka ukuta!"

Watu sitini wakageuka. Mmoja akasema, na furaha ilimponyoka kabla hajaikamata, "Si tuliwaambia? Si tuliwaambia wataona moto?"

Mbele alisimama kiongozi wao, mwanamke wa makamo aliyekuwa muuguzi kabla ya kuitwa kwenye kazi ya roho. Bado walimwita Muuguzi. Alikuwa amenyoosha mkono katikati ya hotuba, na mkono ukabaki hewani. Halafu uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu wa zamu.

"Wangapi?"

"Mia nne!"

"Wazee wamo?"

"Wengi. Na mke wangu."

Akavua joho lake jeupe, akalitupa juu ya kiti. "Vunja."

"Mama!" Mzee wa mlangoni alijitupa mbele ya ukuta, mikono ameitandaza. "Siyo hapo! Hapo ni daraja la tatu, ndipo tulipo!"

"Mmeshapita lipi?" Fundi akauliza, nyundo ameshaiinua.

"La... la kwanza na la pili."

"Basi hayo hamna kazi nayo tena. Sogea!"

Akapiga chini, kwenye daraja la kwanza. Plasta ya dhahabu ikaruka. Akapiga tena. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja moja, lililolazwa kiubavu. Pigo la tano likaingia na kutoka upande wa pili, na moshi ukapuliza kama pumzi ya mgonjwa. Vijana wa Ngazi wakaacha kutazama, wakashika matofali kwa mikono, wakayavuta. "Huku! Huku jamani!" akina mama wa Ngazi wakapiga kelele kuelekea tunduni. "Njooni huku!"

Kichwa cha kwanza kutokea kilikuwa cha fundi cherehani, mnene, nyusi zimejaa masizi. Akatazama juu, akaona ngazi ya dhahabu, akaona nyuso.

"Mungu wangu, ni kwa Ngazi!" Kichwa kikarudi ndani.

Kikohozi kikasikika. Kichwa kikatoka tena, safari hii na mabega yake, na watu wawili wakamvuta kwapani mpaka akatoka kama kizibo cha chupa. Baada yake hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Walitoka wakitambaa, wakiburutana, mama na mtoto kwapani, mzee na kiatu kimoja, na kila aliyetoka alipokelewa na mkono uliomkimbiza uani. Maji ya pipa ambayo watu wa Ngazi huoshea miguu kabla ya kuanza kupanda yakapita ndoo kwa ndoo kuingia tunduni, na sauti ya Muuguzi ilikuwa juu ya zote: "Huyu mlaze! Yule anapumua, mwache akae! Wewe, acha kuomba, shika ndoo!"

Fundi alikuwa akihesabu vitambaa vyeupe. Cha mkewe hakikuwemo. Akamwona Mwalimu anatoka kwa magoti, joho limeungua pindoni, na mgongoni amembeba bibi mmoja kipofu aliyemkaba shingo kwa mikono miwili.

"Mwalimu! Mke wangu!"

"Mlangoni," Mwalimu akasema kwa shida. "Nimemvuta hakuja. Anasema mlinzi wa mlango hatoki kwa ukuta."

Miaka miwili Fundi alikuwa amekataa kuingia nyumba ile. Sasa aliingia kwa tumbo, akipishana na miguu ya wanaotoka. Ndani, moto ulishaanza kufifia kwa maji, lakini moshi ulishuka mpaka kiunoni. Akatambaa na ukuta. Mbele kulikuwa kutupu, hakuna mtu. Wote walishakimbilia tunduni. Alikuwepo mkewe tu, bega ameliegemeza mlangoni, kitambaa mdomoni, macho nusu, moshi umemlevya, na bado anasukuma. Anasukuma kwa nguvu zote kuelekea nje, kama umati ulivyokuwa ukisukuma.

"Mama!"

Akageuza uso. Hata katika hali ile uso ukang'aa. "Umeingia! Fundi, umeingia! Umepita wapi?"

"Ukutani."

"Basi hujaingia."

"Dini tutaongea tukipata hewa! Mlango huu hausukumwi, unavutwa. Sogea uvute!"

Akamkamata kiunoni, akamsogeza hatua mbili, zile zile mbili. Mkewe akashika mpini, akavuta. Mlango ukaja laini, kwa mkono mmoja, bila hata kulia. Jua likawapiga usoni. Wakatoka wameshikana, wakakaa chini barabarani na kukohoa mpaka wakaanza kucheka.

Hakuna aliyekufa. Muuguzi alipita kwa kila mtu, akagusa kila shingo, akarudia kusema: hakuna aliyekufa! Watu wakashangilia, wakakumbatiana, Mlango kwa Ngazi, masizi kwa joho jeupe. Shangwe ilidumu kama dakika moja. Halafu fundi cherehani akauliza kwa sauti nyembamba, "Jamani, sisi tumetokea wapi?"

Kwao ilikuwa wazi kama mchana: aliyeiacha nyumba kwa tundu jingine lolote ameuacha wokovu. Mwanamke mmoja akaanza kulia, mwingine akapokea, na punde barabara nzima ilikuwa kilio, watu mia nne waliopona wakijililia wenyewe. Mwalimu alisimama katikati yao. Hakuwa mwongo, mtu yule. Alichofundisha alikiamini mpaka kwenye mifupa.

"Ni kweli," akasema. "Nimewapoteza. Nami nimepotea. Kuna aliyetoka mlangoni?"

Vidole vikaanza kunyooka, kimoja baada ya kingine.

"Wawili," Mwalimu akasema taratibu. "Mlinzi wa mlango. Na... mumewe."

"Yule?" fundi cherehani akaruka. "Hata kuomba hajui! Jumapili anapiga randa!"

Watu wa Ngazi wakaangua kicheko, lakini wenye vitambaa vyeupe walishaanza kupiga magoti mbele ya yule mama. "Tuombee! Turudishe, mama, wewe una ufunguo!" Fundi akamtazama mkewe, na akaogopa kuliko kule moshini. Hiki ndicho mkewe alichokililia miaka miwili: yeye na mumewe, ndani, wote wawili. Alikuwa amekipata.

Mkewe akasimama, mkono mmoja ukiwa umevimba.

"Mwalimu. Mgongoni ulimbeba nani?"

"Bibi."

"Ungeweza kumwacha, ukabaki na mimi mlangoni."

"Ningemwachaje?" Mwalimu akasema, kama mtu aliyeulizwa upuuzi.

"Basi mbingu ambayo wewe na bibi hammo, mimi siitaki. Nikakae huko milele na huyu peke yake? Huyu mnamjua ninyi, au mnamwona tu akipita?"

Kicheko kikalipuka pande zote mbili za barabara. "Mama!" Fundi akalalamika.

"Nyamaza wewe, nyumbani narudi na wewe. Hilo limekwisha." Akamgeukia Mwalimu tena, na sasa hakuwa anacheka. "Watu hawa inuka uwaambie hawajapotea. Ukishindwa kusema wewe, nitasema mimi."

Mwalimu alitazama tundu, akamtazama bibi kipofu aliyekuwa akinywa maji mikononi mwa Muuguzi. Midomo ilijaribu neno, ikaliacha, ikalijaribu tena.

"Inukeni," akasema. "Inukeni, wanangu." Kisha kwa sauti ya chini, kwa Fundi: "Mlango, unaweza kuugeuza?"

Fundi alishafika nusu ya barabara kufuata bisibisi. Alirudi na sanduku la vifaa, akazifungua bawaba, akaita watu wa kubeba mlango. Fundi cherehani akashika upande huu, mzee wa mlangoni wa Ngazi akashika ule, na kabla hawajaunyanyua hata kidole kimoja walikuwa wameshaanza.

"Mmeokolewa na ngazi yetu, ukubali."

"Ngazi gani? Tumepita tunduni, chini ya ngazi!"

"Chini ya daraja la kwanza, ndiyo! Mmeanza kupanda bila kujua!"

"Inueni," Fundi akasema, skrubu mdomoni. "Mtagombana mkiwa mmeinua."