Pasi ya Mbula

Mimi si mtu wa kusubiri, na siku ile nilikuwa na sababu. Mayai mia tatu yalikuwa kwenye mashine ya kuangulia vifaranga, yamebakiza siku moja. Waya unaoleta stima kwangu na kwa jirani yangu Mbula, hapa Ngoingwa, ulikuwa umekatika nguzoni tangu asubuhi. Kufikia saa nane mashine ilianza kupoa.

Nikachukua waya wenye plagi pande zote mbili, aliojitengenezea marehemu mume wangu. Upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Yeye alikuwa akizima meni swichi kwanza, stima yetu isitoke nje. Mimi pia huizima. Siku hiyo niliwaza mayai tu, nikawasha jenereta bila kuigusa.

"Mama Kagwe!" Mbula aliniita juu ya ua. "Stima imerudi! Wacha nipige pasi haraka kabla watuchezee tena."

Nikafurahi, kisha nikatazama nguzo. Musembi, fundi wa stima, ndiyo kwanza alikuwa anafika juu ya ngazi. Sasa imerudishwa na nani? Hapo jenereta yangu ikaguna kama punda aliyeongezewa gunia. Ilikuwa pasi ya Mbula. Stima yangu ilikuwa imetoka nje, imefika kwake na kwenye waya ule unaoning'inia, na Musembi alikuwa akiunyooshea mkono.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka nilizima jenereta, kukawa kimya.

"Imepotea tena!" Mbula akalalamika.

Musembi alishuka polepole. Alikuwa amesikia mlio wa jenereta ukikatika, akaelewa. Akaingia, akauona waya ukutani.

"Mama, hii ingeniua," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwomba msamaha nikilia.

Akaniuliza kama niko na ekstensheni. Akaichomeka kwenye jenereta, akaipitisha dirishani hadi kwenye mashine ya mayai, basi. Ilichukua dakika mbili, na ekstensheni ilikuwa jikoni miaka yote.

"Ukitaka nyumba yote, uwekewe changeover," alisema. "Hiyo swichi ikishika jenereta, inaachilia stima ya nje. Haishiki zote mbili, hata ukisahau."

Akakata zile plagi kwa koleo, akarudi juu ya ngazi.

Kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimewekewa changeover, nami nikampelekea Musembi vifaranga kumi kwake Makongeni. Hakuwepo. Mkewe, Nzilani, alinikaribisha chai.

"Aliniambia habari yako," alisema akitabasamu. "Ati ulimpa maji ya kunywa siku ile ya jua kali. Mungu akubariki, mama."

Watoto wao wawili walikuwa sakafuni, wakicheka na vifaranga. Nikaweka kikombe chini; siku ile sikuwa nimempa hata tone la maji.