Kamshafti ya Watu Wawili

Bhanu alitandaza gazeti juu ya benchi, akalaza kamshafti mbili, vile vyuma vya kufungua vali za injini, kando kwa kando, kisha akaenda kunawa mikono. Ananijua. Ukiniacha na jambo la kuamua situlii. Nazunguka gereji yake yote pale nyuma ya Mtaa wa Kirinyaga nikishikashika vitu visivyo vyangu. Siku hiyo nilishika mpaka birika lake la chai.

"Chagua, Kihara," alisema aliporudi. "Hii inafungua vali sana. Nguvu yake iko juu, ukikimbia. Hii ingine inavuta mapema, hata ukipanda mlima na mzigo. Unabeba mtu ama uko peke yako?"

Swali gani hilo. Pikipiki yangu ni ya safari ndefu. Kiti chake cha nyuma ni kipana kama kochi, na kwa miaka mingi kilikuwa cha mke wangu, Wanjugu. Tulifika nayo Kitale, Moshi, hata Mbarara. Kisha tukateleza kwenye dizeli iliyomwagika barabarani karibu na Gilgil, akavunjika mguu. Mguu umepona, lakini helmeti yake imebaki kwenye msumari nyuma ya mlango na hakuna anayeitaja. Sijamuuliza kama atapanda tena kwa sababu naogopa atasema hapana.

"Weka ya kukimbia," nilisema.

Bhanu akachukua spana. Hata hajashika nati ya kwanza, nikamzuia.

"Ngoja. Weka ile ingine."

"Una hakika?"

"Si nimekwambia weka?"

Huwezi kujua kama kabureta imekaa sawa kwa watu wawili huku uko peke yako. Injini lazima ihisi uzito. Nilimwomba Bhanu akae nyuma, akasema ana watoto wanaomtegemea. Basi Jumamosi asubuhi nikanunua gunia la viazi Dagoretti Corner, nikalifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mipira, nikaanza kupanda na kushuka Barabara ya Naivasha. Pikipiki ilivuta vizuri tangu gia ya kwanza. Bado sikuridhika. Nilisimama, nikageuza skrubu kidogo, nikaenda, nikarudi. Na kila mara nilipita mbele ya lango letu la Waithaka, ingawa sikuwa na shughuli yoyote hapo.

Mwishowe nikamkuta Wanjugu amesimama langoni, mikono kiunoni. Nikazima injini.

"Baba Ken, umeanza biashara ya viazi?"

"Natyuni injini."

"Na gunia ni ya nini?"

"Ni uzito." Niliinama nikajifanya naangalia kabureta. "Bhanu ameweka kamshafti ya watu wawili. Sasa lazima nipime na mtu."

Alizunguka nyuma polepole, akalishika gunia pembeni, akajaribu kuliinua. Halikusogea.

"Kwa hivyo hii ndiyo mimi?"

Mwanamume mwenye akili hajibu swali kama hilo. "Nilikisia tu," nikasema.

"Umekisia vibaya."

Akaingia ndani. Nilibaki hapo nikichezea ufunguo, nimejikasirikia, nikijiona mjinga na viazi vyangu. Nilikuwa karibu kuwasha niondoke nilipousikia mlango. Wanjugu alikuwa amevaa helmeti, mkanda umeshafungwa kidevuni.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Mwaka jana ningekataa," alisema. "Toa viazi."

Nilifungua mipira, nikaliegemeza gunia langoni. Alipanda, akashika mabega yangu pale pale alipokuwa akishika zamani. Tulipokaribia Dagoretti Corner injini ikaanza kukohoa. Nilikuwa nimeirekebisha kwa uzito usio wake. Nikasimama kando ya barabara, nikatoa bisibisi, nikamwambia ashuke kidogo nitengeneze.

Hakushuka. "Si umesema lazima upime na mtu?"