Seli Zilizoshiba

Pale maabara walimpachika jina la Mama Njaa, naye hakulikataa. Alikuwa mtafiti wa saratani, na sifa yake kubwa ilikuwa kuzinyima seli chakula. Kabla ya kuzijaribu kwa dawa, alizilaza usiku kucha kwenye maji yenye chumvi na sukari kidogo, bila tone la seramu, yale majimaji ya damu yanayozilisha, ili zitulie na matokeo yatoke safi. Wanafunzi waliopita mikononi mwake walijifunza hivyo, nao wakafundisha wenzao. Ukitaka kumuudhi, mwambie umesahau kuzishindisha seli zako na njaa. Utaambiwa maneno ambayo hata mama yako mzazi hajawahi kukuambia.

Kazi yake yote ilihusu kipokezi kimoja. Juu ya ngozi ya seli vipo vipokezi vya kila namna, na kila kimoja ni kama kengele ya mlangoni. Kichocheo cha ukuaji kinakuja, kinabonyeza, taarifa inapita ndani mpaka kwenye kiini, na seli inagawanyika. Katika saratani aliyokuwa akiichunguza, kengele hiyo ilikuwa hailali. Mama Njaa alikuwa na dawa ya kuiziba. Kwenye visahani vya maabara dawa ile ilifanya maajabu: taarifa ilikatika, seli zikafa. Kwenye panya, patupu! Uvimbe ulinywea siku chache, kisha ukarudi kwa kishindo kana kwamba panya wale walinyweshwa maji ya bomba.

Wifi yake alikuwa muuguzi wa wodi ya saratani, na wagonjwa wake walitumia dawa za jamii hiyohiyo.

"Wanapata nafuu, wanacheka, wanaomba kioo wajitazame," alimwambia siku moja walipokuwa wakianua nguo uani. "Halafu ugonjwa unarudi. Sasa wifi, nyie huko na vikombe vyenu mnafanya nini hasa? Mnapika?"

"Tunapika. Kuni ndizo mbichi."

"Basi pulizeni, jamani! Watu wanakwisha."

Mama Njaa alicheka, lakini usiku ule alilala na maneno yale.

Sasa kulikuwa na mkuu wa taasisi, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Profesa Ng'o, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa takriban kila ombi. Alimwita ofisini, hata kiti hakumpa.

"Dawa yako inaponya visahani," alisema. "Visahani haviugui. Mwisho wa muhula nafunga mradi, na friza zako nitawapa wengine."

Mama Njaa akatoka mle akiwa kama kamwagiwa maji baridi. Jioni ile aliandaa seli zake mikono ikienda yenyewe na akili iko kwingine. Asubuhi, alipofungua kabati la joto, ndipo alipogundua: hakuzibadilishia chakula. Seli zilikuwa zimekula seramu usiku kucha, zimejaa kisahani tele.

"Leo Mama Njaa kalisha!" msaidizi wake alipiga kelele, akashika tumbo kwa kicheko. "Nani kafa?"

Kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, kisahani kile kilikuwa cha kutupwa. Alikipeleka mpaka kwenye sinki. Hapo ukaidi ukampanda. Mtu aliyekwisha kuambiwa afungashe virago huwa haogopi tena kuchekwa, naye aliona uchungu kuzimwaga seli zilizonona vile. Akazitia dawa, akaendelea na kipimo kama kawaida.

Katika kipimo kile, taarifa inayopita ndani ya seli huonekana kama mstari mweusi juu ya filamu. Kwa seli zenye njaa, dawa siku zote iliufuta mstari. Kwa zile zilizoshiba, mstari ulikuwa palepale, mweusi kama masizi ya sufuria.

Kwanza alishuku dawa imeharibika. Akafungua chupa mpya, safari hii akazilisha seli kwa kukusudia. Mstari ukatoka tena. Akajiinamia kwenye kigoda, aibu ikampanda mpaka masikioni, halafu nyuma ya aibu ikaja furaha isiyo na adabu hata kidogo.

Mwili wa mtu haufungi mfungo wa maabara! Damu hupita na vichocheo vya kila aina. Ukiziba kengele moja, kichocheo kingine kinabonyeza ya pembeni, na taarifa inapita ndani kwa njia ileile. Seli zake zenye njaa hazikuwa na mtu wa kubonyeza kengele ya pili, ndiyo maana zilikufa kwa utiifu namna ile. Miaka yote alikuwa akimsaka mchawi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo akawa mlishaji. Alizinenepesha seli, kisha akaziba kile kipokezi chake pamoja na jirani mmoja baada ya mwingine. Jirani wa kwanza, mstari upo. Wa pili, upo, tena unang'aa kwa kiburi. Alipofika kwa yule ambaye hakumtilia maanani kabisa, filamu ilitoka nyeupe. Msaidizi aliigeuza juu chini, akaimulika dirishani, kisha wakakumbatiana na glavu zao mikononi.

Alikwenda kwa Profesa bila kuitwa, akamweleza yote.

"Yaani njia uliyowafundisha watu wote hawa," mzee alisema polepole, "ndiyo iliyokudanganya?"

"Ndiyo."

"Na utayasema haya mbele yao?"

"Nitayasema. Nimeanza na wewe, uliye mgumu kuliko wote."

Profesa alimtazama sana. "Sikuamini," alisema. "Uvimbe nitawapandikizia panya mimi, kwa mkono wangu. Mtunza panya atawapa dawa, na ni yeye peke yake atakayejua kizimba kipi kimepewa maji matupu, kipi dawa yako peke yake, na kipi dawa zote mbili. Kupima nitapima mwenyewe. Zikishindwa, siku hiyohiyo unatoa vitu vyako."

Akawapandikizia, akasafiri kwenye mikutano yake. Uvimbe ulipofikia ukubwa wa punje ya mahindi, mtunza panya akaanza kuwapa dawa. Huku nyumbani Mama Njaa chakula hakikupita.

"Umemaliza seli, sasa unajishindisha na njaa mwenyewe?" mumewe alimuuliza, akimsogezea sahani kwa mara ya tatu.

Siku ya kupima ilipofika, chumba cha panya kilinuka maranda ya mbao, na mlangoni walijaa watu waliojifanya wana shughuli. Profesa alikuja na kalipa yake ya kupimia unene mfukoni. Panya wa kizimba cha kwanza walikuwa na uvimbe mkubwa. Akapima, akasoma namba kwa sauti. Cha pili, mkubwa vilevile.

Kwenye kizimba cha tatu mzee alimtoa panya, akampapasa ubavuni kwa kidole gumba, akamgeuza, akampapasa tena.

"Huyu alirukwa," alisema. "Hana uvimbe."

Akatoa mwingine, na mwingine. Uso wake ukawiva kwa hasira.

"Kizimba kizima hakikupandikizwa! Nani kafanya uzembe huu?"

Mtunza panya akakohoa.

"Shikamoo, Profesa," alisema. "Ni wewe. Uliwapandikizia wote mwenyewe, ukakataa hata nisikushikie taa. Vivimbe nimeviona kwa macho yangu vikiota. Hicho ndicho kizimba kilichopewa dawa zote mbili."

Profesa alisimama na yule panya kiganjani, mzima, machachari, akimnusa kidole. Akampapasa mara nyingine, taratibu, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga. Kisha akamkabidhi Mama Njaa.

"Chukua, mwanangu," alisema, akirudisha kalipa mfukoni. "Hapa mimi sina cha kupima."