Maziwa Kwenye Kona Tatu

Wiki ya tatu sasa tangu binti arudi kwa mama yake, na mama hakuwa tena na raha jikoni. Chumvi ilihamishwa, sufuria zikapangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule, na kila akinyoosha mkono anaambiwa, "Si hapo, mama."

Binti alimkimbia mumewe, dereva wa bodaboda aliyebandikwa jina la Kishindo, kwa kuwa alishamwangusha mara mbili kwenye kona. Leo Kishindo kaja kuomba radhi, na mkewe akampa sharti.

"Mpakie mama na sufuria hii ya maziwa. Zungukeni mtaa, kona tatu. Gauni lake likirudi na tone moja, nenda zako."

Sufuria haina kifuniko. Mama akapanda, akaomba dua kimoyomoyo. Hakuomba uhai, aliomba jiko lake.

Kona ya kwanza Kishindo aliivamia kwa mbio, akashtuka, akaachia mkono wa mafuta ghafla katikati. Pikipiki ikainamisha pua, ikayumba, maziwa yakapanda ukingoni. Mama akayawahi kwa mdomo.

"Baba," alisema akijifuta, "punguza mwendo kabla ya kona. Ukishaingia, mkono wa mafuta utulie. Ukiona njia inanyooka ndipo uongeze, kidogo kidogo. Marehemu mkweo alinibeba hivyo miaka ishirini, hata usingizi nikaupata."

"Sawa, mama. Ila kuna neno, naona haya kulisema."

"Sema tu, haya utaikuta nyumbani."

"Nikilala kulia kwenye kona, wewe unalala kushoto. Pikipiki haijui imsikilize nani."

Mama akacheka. Kona ya pili walilala pamoja kama mtu na kivuli chake, maziwa yakatikisika kidogo tu. Ya tatu ilikuwa na mchanga. Mama aliona kiganja cha mkwewe kinataka kuachia tena, akamfinya ubavu. Kiganja kikatulia, na wakatoka konani kwa mlio mmoja ulionyooka.

Binti alilikagua gauni mbele na nyuma. Kavu. Akachungulia sufuria.

"Mbona yamebaki nusu?"

"Kiu, mwanangu. Jua kali."

"Mama, haya yalikuwa mabichi."

Binti akamtazama mumewe, mume akatazama mawingu, na kicheko kikamponyoka binti.

"Ndiyo maana nakwambia ukafunge begi lako upesi," alisema mama, "mimi hapa tumbo limeshaanza kunguruma."