Komeo la Nje

Komeo lilikuwa jipya, linang'aa, na lilikuwa upande wa nje wa mlango. Bibi mwanzilishi wa shule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akalitazama tena. Halikuwa limehama. Juu yake, kwenye ukuta wa bweni jipya, lilikuwa limeandikwa jina la Bibi kwa herufi kubwa, na utepe wa uzinduzi ulimngoja yeye na mkasi.

"Hili limewekwa huku kwa nini?"

Mkuu wa shule, aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, alitoa tabasamu la kupokelea wageni. "Usalama, Mama. Wasichana wa siku hizi wana mambo. Matroni anawafungia wakishalala, asubuhi anawafungulia. Wazazi wamefurahi sana."

"Na moto ukiwaka?"

"Mama, tusijitabirie mabaya. Wageni wanasubiri."

Bibi aliligusa komeo kwa kidole. Shule hii haikuota kama uyoga. Ilianzia sebuleni kwake, wasichana wakilala kwenye mikeka katikati ya viti, majirani wakimwita mwehu, na mumewe akihamia kwa dada yake kwa kukosa pa kunyooshea miguu. Kila chumba kilipoongezwa, fundi aliambiwa neno moja kabla hajachanganya saruji: mlango ufungwe kwa ndani, na ufunguo utundikwe kwenye msumari humo ndani, pale ambapo hata mfupi kuliko wote anaufikia. Mafundi walicheka. Aliwaacha wacheke.

Wa kwanza kulala chini ya msumari ule alikuwa binti aliyefika pekupeku, viganja vimechubuka kwa kugonga mlango ambao baba yake aliufunga kwa nje, mpaka mchumba aje kumchukua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Binti yule yule, leo ndani ya suti yake ya buluu, alikuwa ameamua kumfuga nyoka mwenyewe.

"Hata baba yako alifurahi," Bibi alisema.

Tabasamu la mkuu wa shule likafutika. "Mama, hapo umenionea. Muhula uliopita mmoja alitoroka. Niliyelaumiwa ni mimi, si wewe. Ungefanya nini?"

"Ningemfuata. Ningemuuliza anakimbia nini." Sauti ilipanda hata wageni wakageuza shingo. "Ninyi mkamwita fundi!"

Hakuukata utepe. Aliinama akapita chini yake, magoti yakilalamika, akaingia bwenini na kuketi kwenye kitanda cha karibu.

"Funga."

"Mama, tafadhali. Watu wanatuona."

"Funga, mwanangu. Mimi ni mzee, sina pa kutorokea. Funga, kisha nenda kawasomee hotuba."

Uwanjani kipaza sauti kilimwita Bibi, mgeni rasmi. Mkuu wa shule alikuja hadi kizingitini, akashika komeo. Hakulivuta. Mkono wake mwingine uliingia ndani, taratibu, ukapapasa ukuta kando ya mlango, chini kidogo, pale ambapo hata mfupi kuliko wote angefikia.

Hapakuwa na msumari.