Mkia wa Mwenyekiti

Mjukuu wangu Ottilia alipopata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu, Padri alitangaza kanisani baada ya misa. Ilibidi aeleze kwamba udaktari huo si wa sindano. Hata hivyo, tulipotoka nje, mzee Pankras alimwonyesha goti lake.

Ottilia anasomea vinasaba, yaani vile vitu ambavyo mtoto hurithi kwa wazazi: pua, urefu, ubishi. Yeye anachunguza vya kuku wa kienyeji. Anataka kujua kwa nini ugonjwa wa kideri ukipita kuku wengine hufa na wengine hubaki wanaparua kama kawaida. Alikwisha kuzunguka vijiji vya ziwani, Liuli mpaka Lituhi, ndipo akapanda milima kuja kwetu Mkumbi. Kila nyumba alichukua kuku mmoja, akang'oa manyoya matatu ya mkia, akayatia kwenye bahasha na kuandika namba.

Kumbe kideri kilikuwa kimemtangulia. Wiki tatu kabla hajafika, kuku wa upande wetu walikwisha. Kwangu alibaki jogoo mmoja mwekundu, mwenye mkia mweusi wa kuburuza. Tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu huitisha mkutano kila asubuhi na hasikilizi hoja ya mtu.

Ottilia alianza kwangu. Akang'oa manyoya yake, akapiga picha, akaketi kunywa chai. Hapo jirani yangu Notburga akaniita nyuma ya jiko.

"Mama Wilfred, mtoto anakuja kwangu sasa hivi, na banda langu limebaki kinyesi kitupu. Nitamwambia nini?"

"Mwambie wamekufa."

"Ametoka chuo kikuu mpaka hapa, nimwambie hakuna? Mimi niliyembeba mgongoni?"

Kweli alimbeba. Mwaka ule nilipolazwa, Notburga alimbeba Ottilia wiki mbili nzima, naye ana mimba yake. Mtu kama huyo humnyimi jogoo. Akamfunika Mwenyekiti kwa khanga, akakata njia kupitia mashamba ya ngoro, yale yetu ya mashimo, nami nikammiminia Ottilia kikombe cha pili ili achelewe kufika kwake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jioni Mwenyekiti alirudi amebebwa na Pankras, ambaye nyumba yake ni ya sita. Hakuwa na mkia. Alipita uani akitazama chini kama mtu aliyeshindwa uchaguzi.

"Amefanya kazi," Pankras akasema. "Alipofika kwangu mkia umekwisha. Akanyanyua bawa mwenyewe."

Tulicheka sana. Mimi niliona wema tu: nyumba sita, na hakuna hata moja iliyotaka mtoto aondoke mikono mitupu. Kila nyumba ilimfungia na maharage ya njiani.

Miezi minne baadaye Ottilia alirudi bila taarifa. Akasema hana njaa. Sikumuuliza kitu, mwenye jambo hasukumwi. Nikaketi karibu yake nachambua maharage, mpaka akafungua mdomo mwenyewe.

"Bibi, kuku sita wa hapa majibu yao yamefanana. Hawafanani kama ndugu, wanafanana kama kuku mmoja. Wafadhili wanasema ama nimechanganya sampuli, ama nimezitunga. Alhamisi Profesa ananihoji kwa kompyuta. Nikikosa maelezo wananikatia ufadhili, na miaka yangu miwili imepotea." Akafuta macho. "Nimekumbuka kila nilichofanya maabara. Sioni nilipokosea."

Ungo uliniponyoka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "maabara hukukosea. Ulikosea pale ulipokunywa chai ya pili."

Nikamweleza yote. Akafungua daftari lake, tukasoma pamoja. Nyumba ya kwanza: mkia mrefu. Ya pili: mkia wa wastani. Ya tatu: mkia mfupi. Ya nne: mkia haba. Ya tano: unakaribia kutokuwepo. Ya sita: hana mkia, pengine ni mbegu ya kwao. Na picha nazo zilisema hivyo hivyo.

"Mwanangu, hukumwona?"

"Nilikuwa natazama shina la unyoya, Bibi. Vinasaba vimo humo."

"Na kuku naye alikuwa humo humo."

Akacheka huku analia. Niliona ni nafuu.

Kazi ilikuwa kuwaambia wenzangu. Notburga aliuliza kama tutafungwa. Nikasema sijui. Akaingia ndani, nikadhani amekimbia, akatoka amevaa nguo ya kanisani. "Kama ni kufungwa, nisifungwe na gauni la shamba."

Kwetu mtandao hushika vizuri kwenye kichanja cha Pankras cha kuanikia kahawa. Alhamisi tukaweka kompyuta hapo, juu ya buni. Akatokea Profesa Hafidha, mama wa makamo mwenye miwani na ushungi, uso wake mkavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Nina mkutano, huu hapa."

Nikaanza kueleza, lakini Notburga akanisukuma. "Kosa ni langu, Profesa! Mtoto nilimbeba mgongoni, ningemwambiaje hakuna?" Nyuma yetu Pankras akamwinua Mwenyekiti juu, mkia umeota nusu, kama ushahidi mahakamani.

Ottilia akaonyesha picha moja moja. Kwenye ya nne Profesa alivua miwani. Kwenye ya sita alijifunika mdomo kwa ushungi, mabega yakawa yanatikisika.

"Mama yangu naye aliazima sahani za majirani mtaa mzima," akasema baadaye. "Mgeni haambiwi hakuna." Kisha akarudisha miwani. "Lakini wazee wangu, mmemficha mtoto jambo kubwa. Alikuja kutafuta wapi kuku walikufa na wapi walipona. Nyumba tano zisizo na kuku ndilo jibu alilofuata."

"Kumbe 'hakuna' nayo inaandikwa?" Notburga akauliza.

"Inaandikwa, mama. Ottilia, rudia nyumba zote. Andika ukweli, ambatisha picha zote sita, nami nitawaandikia wafadhili. Na usinywe chai."

Kesho yake mjukuu wangu alipita tena. Notburga alikuwa ameamka mapema kufagia banda na kulipaka udongo mpya, ili 'hakuna' yake iandikwe ikiwa safi.

Wafadhili walijibu baada ya wiki mbili. Ufadhili unaendelea. Ila wanaomba manyoya mengine ya yule jogoo aliyepona, wamchunguze zaidi.

Ottilia akatoka uani na bahasha. Mwenyekiti alimtazama, akamtazama tena, akanyanyua bawa.